Ngeli ya Waliozama

Ni nani aliyeamua kwamba wengine watasemwa kwa *a-* na *wa-*, na vingine vitasemwa kwa *ki-* na *vi-*? Chuoni tuliambiwa kwamba lugha yenyewe ndiyo iliyoamua, zamani mno, na kwamba lugha haina chuki na mtu. Niliamini. Nilikuwa msichana wa kuamini. Nilikaa dawati la nyuma, nikainua mkono nusu na kuushusha kabla mwalimu hajaniona, na nikaandika kila kanuni kwa wino wa bluu. Leo siamini tena. Lugha haina chuki, sawa. Lakini inayo mikono inayoishika, na mkono mmojawapo ulikuwa wangu.

Barua ya kazi haikutaja jina la nchi wala la ziwa. Ilisema tu: njoo, maji yanarudi nyuma, tunahitaji mtu wa maneno. Nikaenda. Niliteremka mahali ambapo maji yalikuwa yakirudi nyuma hatua moja kila siku, kama mtu anayetoka kwa adabu mbele ya mkwe, na kila yaliporudi yaliacha kitu. Kwanza yaliacha matope. Kisha bomba la moshi, limesimama peke yake katikati ya tambarare, limejaa vinyesi vya ndege. Kisha mdomo wa mzinga. Siku niliyofika mimi, manowari nzima ilikuwa imelala ubavu mbele ya kijiji, kubwa kuliko nyumba zote za kijiji zikiwekwa pamoja, nyekundu kwa kutu. Umbali wa kurusha jiwe kutoka hapo ililala ya pili, adui yake, nayo nyekundu vilevile. Kutu haina bendera.

Kijiji kiliitwa Bado.

Nilimuuliza Kabwe, fundi wa kukata vyuma aliyekuja na mitungi yake ya gesi, kwa nini kijiji kikaitwa hivyo. Kabwe alikuwa mtu mpana, mcheshi, asiyeweza kunyamaza hata akiwa amevaa barakoa ya kuchomelea. Akanionyesha msichana aliyekuwa akianua dagaa kwenye mkeka. Alikuwa wa rika langu, labda miaka ishirini na mbili, mgongo umenyooka, kanga mpya.

“Msalimie,” akasema Kabwe.

“Mambo, dada,” nikasema.

Kabwe akacheka mpaka akakohoa. Kisha akainama mbele ya yule msichana kwa heshima kubwa. “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu,” akajibu msichana, bila kutabasamu. “Huyu nani, asiye na adabu?”

“Binti wa chuo, bibi. Amekuja kuandika kibao cha ukumbusho.”

“Mumeo amerudi, bibi?” Kabwe akaendelea kumuuliza, kama watu wanavyoulizana habari za nyumbani.

“Bado.”

Hilo ndilo jibu walilokuwa wakilitoa wanawake wote wa pwani ile ya ziwa tangu vita vile. Vita gani? Vile. Vita vya wageni wawili waliotoka mbali kuja kupigana kwenye maji yasiyo yao. Kila mgeni alileta manowari yake vipandevipande, akaiunganisha ufukweni, kisha akatafuta watu wa kuilisha moto. Wote wawili walikuja kuwatafuta hapa hapa. Huyu aliingia kijijini kwa mlango wa mashariki, yule kwa mlango wa magharibi. Mwasiti, maana hilo ndilo jina la yule msichana, mume wake alichukuliwa na hawa na kaka yake akachukuliwa na wale. Shemeji na shemeji, waliokula sinia moja asubuhi, jioni walikuwa wakitupa makaa kwenye matanuru mawili ili mizinga miwili ielekeane. Manowari zilipozama, wageni wakaandikiana barua, wakapeana pole, wakajengeana minara kwao. Hakuna aliyekuja Bado kusema neno.

Na kwa desturi ya Bado, eda haianzi siku mume anapokufa. Inaanza siku habari inapofika mlangoni. Mtu asimame, ataje jina, aseme amekufa. Hapo mke anaingia ndani, anakaa miezi minne na siku kumi, kisha anatoka akiwa mjane, na siku zake zinaanza kwenda tena kama za watu wote. Habari haikufika. Kwa hiyo eda haikuanza, na siku hazikwenda. Wanawake walibaki na umri waliokuwa nao alfajiri ile. Waliwazika watoto wao waliozeeka. Waliwazika wajukuu. Wao walibaki na migongo iliyonyooka na meno yote thelathini na mawili, wakianua dagaa.

“Nikuite dada au bibi?” nilimuuliza Mwasiti jioni ile, nikiwa nakunywa chai yake ya mchaichai kwa aibu, maana nilikuwa nimejikwaa kwa salamu.

“Niite upendavyo. Ila usiniite mjane. Sijaambiwa.”

Akanijazia kikombe. “Kila asubuhi najitazama kwenye beseni la maji,” akasema. “Uso uleule. Unajua ninavyouchukia? Wewe utazeeka, binti. Usione ni jambo dogo.”

Nilikunywa chai.

*

Idara ya Kumbukumbu Njema ilikuwa imemtuma Mratibu wake. Alivaa suti na mabuti ya mpira, na alikuwa na tabia ya kuigonga manowari kwa kiwiko anapoongea, kama mtu anayemgonga ng'ombe aliyemnunua. Alitaka kibao cha shaba kwa ajili ya sherehe ya kumbukumbu, mbele ya mgeni rasmi. Maneno yasizidi mistari mitatu. Akanipa daftari la shehena la wageni, lililotafsiriwa na mtu asiyejulikana, na humo niliona: makaa, tani sitini, mizinga, minne, wachochezi, thelathini na saba.

Niliandika kibao usiku mmoja tu, kabla sijaingia ndani ya manowari hata mara moja. Niliandika kwa usafi. Nilikumbuka kanuni ya mwaka wa pili: nomino za ngeli mbalimbali zikiunganishwa na kuwa kiima kimoja, kitenzi huchukua *vi-*. Makaa ni ya *ya-*. Mizinga ni ya *i-*. Wachochezi ni wa *wa-*. Vikichanganywa, basi ni vi-. Nikaandika:

*Makaa tani sitini, mizinga minne na wachochezi thelathini na saba vilizama katika manowari hii.*

Nikaisoma mara mbili na nikajisifu moyoni. Mungu anisamehe. Nilijisifu kwa upatanisho wa kisarufi.

Mratibu aliisoma akitikisa kichwa kwa furaha. Kisha kalamu yake ikasimama.

“Hapa Bi Nyamizi. Wachochezi. Mchochezi ni mtu wa kukamatwa.”

“Ni wa kuchochea moto, Mheshimiwa. Kwenye tanuru.”

“Mimi najua, wewe unajua. Mgeni rasmi je? Atasimama hapa mbele ya watu aonekane anaenzi uchochezi?” Akafikiri, akigonga chuma. “Andika vichocheo.”

“Vichocheo?”

“Unaona sasa? Sentensi inakaa vizuri zaidi. Vichocheo vilizama. Hakuna atakayebisha.” Akaongeza mwishoni, kwa mkono wake mwenyewe: *kwa ajili ya amani.*

Kweli sentensi ilikaa vizuri zaidi. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Mtu anaweza kuondolewa katika watu bila kupigwa risasi, bila hata kutukanwa. Unabadilisha herufi mbili mbele ya kitenzi, na sikio la msomaji linaridhika. Hakuna damu. Sentensi haitoki damu, ndiyo maana wenye nguvu wanazipenda sentensi. Nilisimama pale na kalamu yangu, nikasema ndiyo Mheshimiwa, na sauti yangu ilikuwa ndogo kama kawaida.

*

Kesho yake Kabwe alikata mlango wa chumba cha moto. Alikuwa akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Baadaye nikasikia ananiita, si kwa mzaha.

“Binti wa chuo. Njoo usome.”

Nilishuka ngazi za kutu. Kabwe alikuwa amevua barakoa. Hakunionyesha ndani kwanza. Alinionyesha mlango aliokuwa ameukata, na komeo lake, pana kama mkono wake.

“Tazama liko upande gani.”

Lilikuwa upande wetu. Upande wa nje.

Nitasema hili polepole kwa sababu nikilisema haraka nitapiga kelele. Chumba kile kilikuwa chini kabisa ya manowari, chini ya mstari wa maji, na waliokuwa humo walifungiwa kwa nje ili moto usikose watu wa kuulisha wakati mizinga inaongea. Manowari ilipotobolewa, maofisa walishuka kwenye mashua. Daftari linasema hivyo, linawataja kwa majina na vyeo, mmoja mmoja, kila mmoja na *a-* yake: alishuka, aliokolewa, alipewa nishani. Hakuna aliyerudi kuvuta komeo. Ilikuwa ni kuvuta tu. Hata mimi, mwenye mikono ya kushika kalamu, ningeweza kulivuta.

Ndani, mifupa ilikuwa imelundikana kwenye mlango. Si kwenye tanuru, si kwenye makaa. Kwenye mlango. Mabeleshi yao yalikuwa hapo hapo, mengine yamepinda kwa kupigia chuma. Na kwenye bapa la kila beleshi, kwa ndani, kulikuwa na mkwaruzo wa msumari. Kabwe akaniambia kila kibarua hufanya hivyo mpaka leo, hutia alama beleshi lake lisije likachukuliwa na mwenzake. Wengi walikuwa wamechora tu: samaki, mwezi, mistari mitatu. Wachache walijua herufi. Nilisoma: KATABI. Nilisoma: RUHOMVYA. Nilisoma: BULONGO WA MWASITI.

Wa Mwasiti. Mume aliyejiandika kwa jina la mke. Nadhani wenzake walimcheka. Nadhani alicheka nao.

“Sema kitu,” akasema Kabwe.

Nilipanda juu nikamwambia Mratibu, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa: jambo zito mpelekee mkubwa. Alisikiliza akiangalia saa.

“Ni jambo la kusikitisha sana,” akasema. “Tutaviondoa kimyakimya baada ya sherehe.”

“Kuna wanawake kijijini, Mheshimiwa. Wanangoja.”

“Wamengoja miaka yote hiyo, siku tatu ni nini? Ukiwaambia leo, wataingia ndani wote. Nani atacheza ngoma? Nani atapika? Bi Nyamizi, wewe ni mtu mpole. Endelea kuwa mpole.”

Nikaendelea kuwa mpole. Siku tatu. Kila asubuhi Mwasiti alinisimamisha akiwa na beseni lake kichwani.

“Mmemwona mtu huko ndani?”

“Tumeona vitu, bibi.”

Hivyo ndivyo nilivyojibu. Vitu. Siku ya kwanza, vitu. Siku ya pili, vitu. Siku ya tatu akanitazama zaidi kidogo, akanipa chai, na mimi nikainywa.

Na usiku nilikuwa najitetea kwa nafsi yangu. Sikudanganya, nilisema, daftari linawahesabu pamoja na makaa. Kanuni inasema vi-. Mimi ni nani? Mimi ni mwandishi wa kibao. Nani amewahi kuzama kwa sababu ya kibao? Kisha nikajijibu, kwa sauti ambayo sikuijua ni ya nani: wote. Wote wamezama kwa sababu ya kibao. Manowari ilizama kwa muda wa saa moja tu. Wao wamekuwa wakizama tangu siku ile mpaka leo, kila mtu anaposoma na kupita, kila mtu anapoandika jumla badala ya jina. Na anayewashika vichwa chini ya maji hana bunduki. Ana mwandiko mzuri. Anaona haya kuinua mkono darasani.

*

Siku ya sherehe walitandaza zulia jekundu juu ya matope. Mgeni rasmi alikaa chini ya turubai. Wanawake wa Bado walipangwa mstari mbele, wamevaa sare ya kanga walizopewa, wazuri, vijana, wote wamesimama kwenye alfajiri ileile. Mratibu alitaka kibao kisomwe kwa sauti ya kike.

“Laini,” aliniambia. “Kama unavyoongea.”

Nikapewa kipaza sauti. Nikakisogeza karibu mno na mdomo, kikavuma. Watu wakacheka kidogo, kwa huruma. Niliitazama shaba. Niliona herufi zangu, zimechongwa vizuri.

“Makaa tani sitini,” nikasoma. “Yalizama.”

Mratibu akanigeukia.

“Mizinga minne. Ilizama.”

“Soma kama ilivyo,” akanong'ona.

“Watu thelathini na saba,” nikasema. Hapo sauti yangu ikafanya kitu ambacho haijawahi kufanya. Haikuwa laini. Ilitoka chini, mahali pasipo na adabu. “Watu thelathini na saba wamekufa. Hawakuzama kama makaa. Walifungiwa mlango kwa nje, wakaupiga kwa mabeleshi mpaka mabeleshi yakapinda, wakafa. Mimi nimewaona. Niliwaona siku tatu zilizopita, na nikawaita vitu.”

“Fundi wa sauti, zima hiyo!” Mratibu akafoka.

Kipaza kikafa. Sikukihitaji.

“Katabi amekufa!” nikapiga kelele. Mwanamke wa tatu kwenye mstari akakaa chini. “Ruhomvya amekufa! Aliyechora samaki kwenye beleshi lake, amekufa! Aliyechora mwezi, amekufa! Wa mistari mitatu, nani anamjua wa mistari mitatu?”

“Wangu!” ikatoka sauti. “Alikuwa na chale tatu! Ni wangu!”

“Amekufa, mama! Pole! Amekufa!”

Mratibu alinishika mkono. Kabwe akamshika Mratibu, taratibu, kwa mkono mmoja, kama anayehamisha kiti. “Mheshimiwa,” akasema, “muache amalize hesabu ya watu.”

Nikabaki na jina moja. Mwasiti alikuwa amesogea mpaka mbele yangu. Hakuwa akilia.

“Bulongo wa Mwasiti,” nikasema. Sauti ilikuwa imebaki kidogo tu. “Amekufa.”

“Umemwona wewe mwenyewe?”

“Nimemwona.”

“Lini?”

“Siku tatu zilizopita.”

Alinipiga kofi. Kofi la mkono uliozoea kutwanga. Nikaona turubai linazunguka.

“Hao wa suti siwajui,” akasema. “Hao wageni siwajui. Sikuwahi kuwatarajia kitu. Lakini wewe ulikunywa chai yangu.”

Nikakiweka chini kile kipaza kilichokufa.

Kisha akageuka, akatoa yowe. Yowe lile lilikuwa limekaa ndani yake tangu kabla mama yangu hajazaliwa, na kabla mama wa mama yangu hajazaliwa, na lilipotoka, ndege waliokuwa kwenye bomba la moshi waliruka wote. Wanawake wengine wakalipokea. Wakaanza kuondoka, wakalivuka zulia kwa miguu yenye matope, wakampita mgeni rasmi bila kumsalimu. Ngoma zikabaki zimeegemea jukwaa. Masufuria ya pilau yakabaki yanatokota bila mpishi.

Mwasiti alikuwa anatembea mbele yangu. Kwenye hatua ya kumi nywele zake za kisogoni zilikuwa zimeingia mvi. Karibu na kisima mgongo ulianza kupinda. Alisimama kupumzika, akautazama mkono wake, ngozi ikijikunja juu ya mifupa, akaugeuza huku na huku kama mtu anayetazama zawadi. Nilimpa bega langu. Nilidhani atalikataa. Aliliegemea, kwa hasira, kwa uzito wake wote, ambao ulizidi kupungua. Alipofika mlangoni kwake alikuwa mzee kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na alilazimika kuinua kichwa ili anitazame.

“Utanichotea maji,” akasema. Haikuwa ombi. “Mpaka nitoke.”

Akaingia ndani. Nikakaa kizingitini.

Mratibu akaja mbio na mabuti yake, jasho linamtoka, nyuma yake watu wawili wenye kamera.

“Mgeni rasmi bado amekaa pale! Mtoe nje huyo bibi, mtoe hata yeye peke yake, dakika tano, picha moja!”

“Hatoki, Mheshimiwa. Yuko edani.”

“Eda gani? Mume wake si alikufa zamani?”

Nikasimama, maana alikuwa mkubwa wangu, na nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

“Zamani kilizama kitu,” nikamwambia. “Amekufa leo.”